Wazee wa Uwanda wa Kati na Hofu ya Kuwa Maksai

Katika vijiji vya Kanda ya Kati, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Bahi, Manyoni na Kondoa, kuna ugonjwa ambao wanaume wengi wenye umri mkubwa huuchukua kimya kimya kana kwamba ni sehemu ya mvi. Mzee huamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo. Akifika nje husimama kwa muda mrefu akingoja. Mkojo ukianza kutoka hutoka kwa nguvu ndogo, hukatika, huanza tena, na mwisho humwacha akihisi kwamba kibofu hakijaisha. Akiulizwa husema ni uzee tu. Miezi au miaka ikipita, siku moja mkojo hukataa kutoka kabisa, tumbo la chini hujaa na kuuma, na ndipo jamaa zake huhangaika kutafuta usafiri wa kumfikisha hospitali.

Ugonjwa huo ni kukua kwa tezi dume. Si mgeni kwa sayansi: chanzo chake kimetafutwa kwa zaidi ya miaka mia mbili, na dawa zinazoupunguza zimekuwapo tangu muongo wa 1990. Hata hivyo, mgonjwa wa kijijini aghalabu hufika mbele ya mganga akiwa amechelewa. Umbali na umaskini ni sababu za kweli, lakini si za pekee. Ipo sababu nyingine isiyotajwa mikutanoni, nayo ni hofu kwamba ugonjwa wa sehemu hizo hauna tiba ila ile anayopewa fahali. Makala haya yanadai kwamba hofu hiyo haina msingi kwa ugonjwa huu. Kwamba imezaliwa na ujuzi wa kweli uliofahamika nusu. Na kwamba huduma za afya zitaendelea kuwapokea wazee wakiwa wamechelewa mpaka zitakapoijibu waziwazi.

Tezi na mahali pake

Tezi dume ipo chini ya kibofu, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapoanzia. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba na kulisha mbegu za kiume. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Baada ya umri wa miaka arobaini, sehemu ya ndani inayokumbatia mrija huanza kuota vinundu, na kwa kuwa ganda la nje haliachii nafasi kubwa, vinundu hivyo huubana mrija. Kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Misuli yake hunenepa, kisha huchoka. Mkojo unaobaki huwa makao ya vijidudu na mawe, na shinikizo likirudi juu huziharibu figo polepole bila maumivu.

Ukuaji huu ni wa kawaida mno. Uchunguzi wa maiti uliochapishwa Marekani mwaka 1984 uliukuta kwa nusu ya wanaume wenye umri wa miaka 51 hadi 60, na kwa takriban tisa katika kila kumi waliofikia miaka ya themanini. Si wote wanaosumbuka. Tezi kubwa huweza kumwacha mtu salama, na tezi ndogo iliyoota vinundu mahali pabaya huweza kumfungia mkojo. Jambo la kukazia ni kwamba ukuaji huu si saratani, wala haugeuki kuwa saratani, ingawa magonjwa hayo mawili huweza kukutana katika tezi moja. Wala hautokani na kisonono cha ujanani au na kurogwa. Mzee anayeficha dalili zake kwa kuogopa kudhaniwa alikuwa mzinzi huficha kosa ambalo hakulitenda.

Alichokijua mfugaji

Ujuzi wa kwanza kuhusu homoni za kiume haukutoka katika maabara, bali zizini. Mfugaji wa Ugogo anajua tangu utoto kwamba ndama dume aliyehasiwa mapema hukua kuwa maksai: mpole, mnene, mvumilivu katika jembe, asiye na nundu na shingo ya fahali. Anajua pia kwamba beberu aliyehasiwa hupoteza harufu yake kali na kuwa ndafu. Kwa maneno mengine, anajua kwamba korodani hutoa kitu kinachosafiri mwilini na kuviamuru viungo vilivyo mbali nazo. Hilo ndilo jambo lenyewe ambalo wataalamu wamelipa jina la homoni.

John Hunter, mpasuaji wa London, aliandika mwaka 1786 kwamba tezi dume ya mnyama aliyehasiwa huwa ndogo, iliyolegea na yenye majimaji machache, tofauti na ile ya dume kamili. Zaidi ya karne moja baadaye, J. William White wa Philadelphia alilichukua wazo hilo kwa wanadamu. Mwaka 1895 alitoa taarifa ya wagonjwa 111 waliokuwa wameondolewa korodani kwa ajili ya kufungwa mkojo, akaeleza kwamba tezi za wengi wao zilisinyaa. Lakini wengi pia walikufa baada ya upasuaji, na tiba hiyo ikaachwa. Ushahidi mwingine ulitoka China. Wataalamu waliwapima matowashi 26 waliokuwa wakitumikia jumba la wafalme wa mwisho wa nchi hiyo, watu waliohasiwa miaka mingi kabla, na kwa 21 kati yao tezi dume haikuweza hata kupapaswa.

Kufikia mwaka 1935 homoni yenyewe ilikuwa imetambuliwa na kuundwa katika maabara, ikaitwa testosteroni. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na Clarence Hodges, alionyesha kwamba saratani ya tezi dume iliyoenea mwilini hurudi nyuma mgonjwa akiondolewa korodani au akipewa estrojeni, yaani homoni ya kike. Kazi hiyo ilimpatia Huggins Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hadi leo, kuikata testosteroni, kwa kisu au kwa sindano, ni nguzo ya tiba ya saratani hiyo ikishaenea.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa. Habari kwamba mzee fulani alitibiwa tezi dume kwa kuondolewa korodani husafiri haraka kuliko maelezo kwamba mzee huyo alikuwa na saratani. Msikilizaji ambaye maisha yake yote ameona koleo la kuhasi likifanya kazi huhitimisha kwamba kila mwenye tezi hupelekwa huko huko. Mfugaji huyo si mjinga. Amefikiri sawasawa kutokana na alichokiona. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya habari.

Fumbo la homoni

Nusu hiyo ya pili huanza na fumbo. Ikiwa tezi dume haikui bila testosteroni, na ikiwa testosteroni katika damu ya mwanamume hupungua polepole kadiri anavyozeeka, kwa nini tezi ikue uzeeni badala ya kusinyaa?

Mwaka 1968 Nicholas Bruchovsky na Jean Wilson, wakifanya kazi Dallas, Marekani, waligundua kwamba ndani ya chembe za tezi dume ya panya testosteroni haifanyi kazi ikiwa vilevile ilivyoingia. Kimeng'enya kiitwacho alfa-riduktesi huigeuza kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, dihaidrotestosteroni, na ni hii inayoshika amri katika kiini cha chembe. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za ukoo mmoja katika Jamhuri ya Dominika, visiwani Karibi, ambao baadhi ya wanaume wake walizaliwa bila kimeng'enya hicho kufanya kazi ipasavyo. Walipobalehe walipata sauti nzito na misuli ya kiume, kwa sababu testosteroni yao ilikuwa ya kutosha. Lakini tezi zao dume zilibaki ndogo maisha yote. Kwa mara ya kwanza ilidhihirika kwamba uanaume na ukuaji wa tezi dume si kitu kimoja kisichogawanyika. Vinaweza kutenganishwa.

Kilichofuata ni funzo zuri la namna sayansi inavyojisahihisha. Mwaka 1970 ilitangazwa kwamba tezi iliyokua ina dihaidrotestosteroni nyingi kuliko tezi ya kawaida, na wengi wakaamini kwamba fumbo limefumbuliwa. Mwaka 1983 Patrick Walsh na wenzake wa Baltimore walionyesha kasoro: tezi za kawaida zilizotumika kulinganisha zilitoka kwa maiti, na homoni hiyo hupotea baada ya kifo. Zilipochukuliwa tezi za kawaida kutoka kwa watu walio hai waliokuwa wakipasuliwa, tofauti ilitoweka. Kwa hiyo tezi ya mzee haijajaa homoni kupita kiasi. Ila pia haijapungukiwa: testosteroni ikishuka katika damu, tezi huendelea kujitengenezea dihaidrotestosteroni kwa kiwango cha ujana.

Jambo jingine ni estrojeni. Kila mwanamume anayo kiasi kidogo, na sehemu kubwa hutengenezwa kutokana na testosteroni, hasa katika mafuta ya mwili. Uzeeni testosteroni hushuka kuliko estrojeni, hivyo mizani kati ya hizo mbili hubadilika. Kwa mbwa, mnyama ambaye kama binadamu huota tezi uzeeni, homoni hizo zikitolewa pamoja huikuza tezi kuliko ya kiume ikitolewa peke yake. Kwa binadamu uzito wa mchango wa estrojeni bado unajadiliwa. Homoni ya kiume, basi, yafaa ifikiriwe kama mvua ya uwanda wa kati: bila hiyo hakuna kinachoota, lakini mvua peke yake haielezi kwa nini magugu yameota katika shamba hili na si lile.

Kutokana na hayo yako mambo mawili ya kushika. La kwanza, mzee hapati ugonjwa huu kwa sababu uanaume wake umekwisha, wala hauponi kwa kuongezewa uanaume. Chupa na unga vinavyouzwa minadani kwa jina la dawa za nguvu za kiume haviifungui njia ya mkojo, na mnunuzi hana njia ya kujua vina nini ndani. La pili, ikiwa kimeng'enya kimoja ndicho kinachoitawala tezi, kimeng'enya hicho chaweza kuzuiwa bila kugusa korodani.

Kutibiwa si kuhasiwa

Dawa iliyotokana na wazo hilo, finasteride, ilikubaliwa kutumika Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1992. Humezwa kidonge kimoja kwa siku. Hupunguza ukubwa wa tezi kwa takriban robo, lakini kwa mwendo wa polepole, hivyo mgonjwa hana budi kuivumilia miezi sita au zaidi kabla ya kuihukumu. Dawa za kundi jingine, kama tamsulosin, hazigusi homoni kabisa. Hulegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu, na nafuu huonekana katika siku chache. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, uliowafuata wanaume 3,047 kwa miaka kadhaa, ulionyesha kwamba dawa za makundi hayo mawili zikitumiwa pamoja hupunguza uwezekano wa ugonjwa kuendelea kwa asilimia 66 ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa.

Mtu anayemeza finasteride anabaki na testosteroni yake. Sauti, misuli na korodani zake hazibadiliki. Ni kweli kwamba wachache kati ya watumiaji hupungukiwa hamu au nguvu za tendo la ndoa, na kwamba baada ya upasuaji wa tezi mbegu za wengi hurudi kibofuni badala ya kutoka nje. Mambo hayo lazima mgonjwa aambiwe kabla, kwa lugha anayoielewa, kwa maana mganga anayeyaficha huipa nguvu ile hofu aliyotaka kuiondoa. Lakini katika upasuaji wa ugonjwa huu kinachoondolewa ni nyama iliyoota na kuuziba mrija. Korodani haziguswi. Mzee hawi maksai.

Dawa za miti nazo zastahili neno la haki. Gome la mti wa Prunus africana, unaoota katika misitu ya milimani ya Afrika, limeuzwa Ulaya kwa miaka mingi kama dawa ya tezi dume, kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES ili mti usitoweke. Majaribio yameonyesha nafuu ya wastani katika dalili. Kwa hiyo mganga wa jadi hapaswi kudharauliwa. Ila mgonjwa anayetumia gome lolote bado anahitaji kupimwa, kwa sababu nafuu ya dalili haisemi figo ziko katika hali gani, wala haisemi kama ndani ya tezi kuna saratani.

Wajibu wa taifa

Mtu anaweza kuuliza kama nchi yenye malaria, vifo vya wajawazito na utapiamlo wa watoto ina haki ya kutumia fedha kwa mikojo ya wazee. Swali ni halali, na jibu linatokana na hesabu za watu wenyewe. Sensa ya mwaka 1978 ilikadiria kwamba Mtanzania anayezaliwa angetazamia kuishi miaka 44. Ile ya mwaka 2012 ilikadiria zaidi ya miaka 60. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetokana na kupungua kwa vifo vya watoto, lakini watoto waliookolewa hukua, na wanaume kati yao watafika umri wa vinundu. Taifa lililoshinda vita moja haliwezi kushangaa kukuta matokeo ya ushindi huo mlangoni.

Tena, kuchelewa ni ghali kuliko kuwahi. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 2015, ilianza kupandikiza figo. Ni fahari ya nchi nzima. Lakini jiji lenye uwezo wa kupandikiza figo halipaswi kuzungukwa na vijiji ambamo mzee huharibikiwa figo kwa sababu mrija wa mkojo umebanwa na hakuna aliyemwuliza. Tiba ya juu haina maana kamili mpaka ile ya chini imefanyika.

Na ile ya chini haihitaji mitambo. Tangu mwaka 1992 waganga wana orodha ya maswali saba ambayo hupima uzito wa dalili kwa alama 0 hadi 35: mara ngapi mtu huamka usiku, kama mkojo hukatika, kama hulazimika kukamua, na mengine ya namna hiyo. Mhudumu wa zahanati yoyote aweza kuyauliza. Yafaa yatafsiriwe kwa ufasaha si kwa Kiswahili tu bali pia kwa Kigogo, Kirangi na Kisandawe, kwa kuwa mzee huyataja mambo ya siri kwa lugha aliyozaliwa nayo. Yafaa pia, kila inapowezekana, yaulizwe na mhudumu mwanamume mwenye umri, mahali pasipopitwa na wakwe na wajukuu. Mwenye alama nyingi apelekwe hospitali ya wilaya, apimwe mkojo, figo na tezi, na aanzishiwe dawa huko huko. Mwenye damu katika mkojo au maumivu ya mifupa ya mgongo asingoje. Aliyefungwa mkojo kabisa awekewe mpira katika kituo cha karibu kabla ya kusafirishwa, maana safari ya kilomita 100 na kibofu kilichojaa ni mateso yasiyo ya lazima.

Haya hayamaanishi kumpima damu kila mwanamume kutafuta saratani. Kipimo kiitwacho PSA hupanda kwa sababu nyingi, ukiwamo ukuaji huu usio saratani, na nchi tajiri zilizokitumia bila mipaka ziliwapasua watu wengi ambao saratani yao isingewadhuru kamwe. Kinachodaiwa hapa ni kumsikiliza mwenye dalili.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua haki ya wazee kupata matibabu, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ahadi hizo zitapimwa kwa mambo madogo: kama vidonge vya tezi dume vipo katika duka la dawa la hospitali ya wilaya mwezi wa sita wa tiba kama vilivyokuwapo mwezi wa kwanza. Dawa ya polepole inayokatika kila mara ni sawa na kutotoa dawa. Chuo Kikuu cha Dodoma na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa navyo vina kazi ya kufanya, kwa kuwa takwimu za Marekani haziwezi kupanga bajeti ya Chamwino. Wazee wa uwanda huu wahesabiwe kwao.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini anayeficha mara nyingi huwa ameona jambo linalomtisha, na hawezi kulaumiwa kwa kuogopa asichoelezwa. Wahudumu wa afya wa Kanda ya Kati waanze kwa neno ambalo kila mfugaji analijua. Waseme katika mikutano ya vijiji na katika minada ya ng'ombe kwamba tezi dume iliyokua hutibiwa bila kuhasi, na waeleze kwa nini. Wazee wakishasikia hivyo na kuamini, wengi wataweza kuja wenyewe, mapema, kwa miguu yao.